Simba wa Safari

Wajukuu wa Isevya, mnaokimbilia barabarani kila mkisikia bodaboda zinashindana, njooni niwasimulie habari za dereva.

Tabora yetu inajua safari ndefu. Misafara ilikwenda pwani miezi mizima kwa miguu, na mbele ya wapagazi alikuwepo kirangozi, anayejua maji yako wapi na njia ipi inapitika. Kwenye mashindano ya magari kazi hiyo ni ya msoma ramani, anayekaa ubavuni mwa dereva.

Mashindano ya magari ya Safari Rally yalianza mwaka 1953, kusherehekea kutawazwa kwa Malkia Elizabeth wa Uingereza, yakapita Kenya, Uganda na Tanganyika. Msidhani madereva walizunguka uwanja! Walikwenda maelfu ya kilomita, usiku na mchana, kwenye barabara hizi hizi za ng'ombe na malori, tena baadaye yakawa wakati wa Pasaka, mvua zikiwa zimepamba moto. Mbuga zetu mnazijua zikilowa: ukikanyaga, mguu unatoka, kiatu kinabaki. Haya, tia gari humo.

Dereva ninayewasimulia, Joginder Singh, alizaliwa Kericho, Kenya, mwaka 1932. Alikuwa Singasinga, na spana aliishika kwenye gereji ya baba yake kabla dunia haijamjua. Safari Rally aliingia mara ya kwanza mwaka 1959.

Mwaka 1965 alikuja na Volvo PV544 iliyokwisha kutumika, msoma ramani akiwa ndugu yake Jaswant. Gari lao lilikuwa namba moja, kwa hiyo liliondoka kabla ya yote. Anayetangulia hali vumbi la mtu, na tope analikuta halijavurugwa. Lakini ng'ombe wakilala barabarani, yeye ndiye wa kwanza kuwavamia. Ndugu hao walitoka wa kwanza, wakafika wa kwanza, anayewafuata akiwa nyuma kwa zaidi ya saa moja. Watu wakampa Joginder jina la Simba.

Mwaka 1974 alishinda tena kwa Mitsubishi Lancer, kijigari tu, akimwacha Björn Waldegård wa Sweden aliyekuwa na Porsche. Mwaka 1976 akarudia, na nafasi tatu za juu zote zikachukuliwa na Lancer.

Mimi naona siri yake ilikuwa ufundi. Dereva aliyekulia gereji husikia chuma kinacholalamika mapema, akapunguza mwendo kabla hakijakatika. Mwenye pupa hukanyaga mafuta tu, kisha anawaachia wanakijiji kazi ya kusukuma.

Joginder alifariki London mwaka 2013. Wengi husifia ushindi wake mara tatu. Mimi nasifia hesabu nyingine: aliingia Safari mara 22, akafika mwisho mara 19. Na hayo ni mashindano ambayo mwaka 1963 yaliondokesha magari 84, yakamaliza 7 tu.