Kipuri cha Alumini «Kisicholika»: Yakupasayo Kujua Kabla ya Kununua

Fungua gurudumu la nyuma la pikipiki yenye breki za ngoma, utazame ndani ya habu. Habu yenyewe ni ya alumini, lakini pale viatu vya breki vinaposugua pamezungushiwa pete ya chuma. Mtengenezaji hakuiweka kwa urembo. Alumini ina uzito wa kama theluthi moja tu ya chuma cha ujazo uleule, nayo hupitisha joto upesi. Ila ni laini, na ikisuguana na kitu kigumu hukwaruzika na kulika.

Ili kuipa alumini ugumu bila kuiongezea uzito mwingi, wahandisi huiyeyusha kwa joto linalozidi nyuzi 660 za Selsiasi, wakaikorogea chembe ndogo za kauri, kama vile silikoni kabaidi au alumina, kisha wakaimimina katika kalibu. Chembe hizo hukaa kama kokoto katika zege: kokoto hubeba mzigo wa msuguano, na alumini iliyozizunguka husalimika. Si nadharia tupu. Gari la Lotus Elise lilipotoka mwaka 1996 lilikuwa na diski za breki za alumini iliyotiwa silikoni kabaidi, ingawa baadaye lilirudishiwa diski za chuma.

Kauri za namna hiyo ni ghali. Kwa hiyo watafiti, wakiwemo wengi wa India na Nigeria, wamegeukia mabaki ya mashambani: maganda ya mpunga, vifuu vya nazi, makapi ya miwa. Maganda ni takribani moja ya tano ya uzito wa mpunga, na yakichomwa vyema huacha majivu ambayo mara nyingi zaidi ya asilimia 85 yake ni silika. Aliyewahi kusugua sufuria kwa majivu hatashangaa. Silika haifikii ugumu wa silikoni kabaidi, hivyo mara nyingi viwili hivyo huchanganywa ili kupunguza gharama.

Tunaunga mkono ugunduzi huu. Tunachokihofia ni neno «hakiliki» linapoandikwa juu ya boksi la kipuri.

Alumini iliyoyeyuka haishikani kwa urahisi na chembe hizo. Ndiyo maana mara nyingi huongezwa magnesiamu kidogo. Ikikorogwa vibaya, chembe hujikusanya mafungumafungu na vitundu vya hewa hubaki ndani. Kipuri kikianza kazi, chembe zisizoshikwa hung'oka, zikanaswa kati ya nyuso mbili na kuzisaga zote kama msasa. Chembe zikizidi kiasi, kipuri huwa kigumu lakini hukatika upesi. Tena, uso mgumu huweza kula mwenziwe: ngoma ikabaki nzima huku viatu vya breki vikiisha kabla ya wakati. Gharama hiyo haitajwi kwenye boksi.

Liko pia suala la joto. Dereva anayeteremka Kitonga huku akikanyaga breki mfululizo huzitia moto mkali, na alumini hupoteza nguvu mapema kabla haijayeyuka.

Kwa hiyo muulize muuzaji: kipuri hiki kililinganishwa na nini? Kilisuguana na nini, kwa mzigo gani, kikiwa kikavu au kwenye mafuta? Katika maabara, kipimo cha kawaida ni kubana kipande kidogo juu ya diski ya chuma inayozunguka, kisha kupima uzito uliopotea. Ni kipimo kizuri cha kulinganisha malighafi, lakini hakithibitishi kwamba breki yako itashika barabarani. Dai risiti yenye jina la kipuri na muda wa dhamana, na ukikibadilisha kabla ya wakati usikitupe. Ni ushahidi wako. Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 inakataza kumpotosha mlaji, na malalamiko hupelekwa Tume ya Ushindani.

Na fundi akikuambia kwamba pete ya chuma ndani ya habu imekwisha, lakini alumini iliyobaki «ni ile ngumu ya kisasa» na itatosha, mwambie asirudishe gurudumu. Badilisha habu.