Kujitawala Wakati wa Kunywa Dawa

Natumaini mwalimu wenu ameshaandika ubaoni neno la somo letu, nalo ni hili: KUJITAWALA. Lisomeni pamoja, silabi kwa silabi. Ku-ji-ta-wa-la. Vema.

Neno hili tumezoea kulisikia katika habari za nchi. Nchi inayojitawala haingojei amri ya mtu wa mbali. Leo tulitumie kwa jambo la nyumbani, dogo sana: mtu na dawa yake. Mtoto akiugua, mama humshika, humfungua kinywa, na dawa ikaingia apende asipende. Je, mtu mzima? Hakuna wa kumshika. Yeye ndiye mama, na yeye ndiye mtoto.

Nitachukua mfano wa ugonjwa mmoja, kifua kikuu. Ugonjwa huu huletwa na vijidudu visivyoonekana kwa macho. Daktari Mjerumani, Robert Koch, alitangaza habari zao tarehe 24 Machi, 1882. Hukaa hasa katika mapafu. Mgonjwa akikohoa, huruka hewani, na mtu mwingine huvivuta. Anayekohoa kwa majuma 2 au zaidi, anayetoka jasho usiku, anayekonda bila sababu, na aende kupimwa makohozi. Tanzania dawa za ugonjwa huu hutolewa bure katika hospitali na zahanati za serikali.

Kwa kawaida mtu mzima mwenye kifua kikuu cha mapafu hunywa dawa miezi 6. Miezi 2 ya kwanza hunywa dawa za namna 4, zilizochanganywa katika kidonge kimoja. Idadi ya vidonge hutegemea uzito wake. Miezi 4 inayofuata hunywa namna 2. Watu hulalamika, miezi 6 ni mingi mno! Lakini miaka ya 1960 mgonjwa alitibiwa mwaka mmoja na nusu. Ni katika miaka ya 1970 ndipo uchunguzi uliofanywa hapa Afrika ya Mashariki, pamoja na madaktari wa Uingereza, ulipoonyesha kwamba miezi 6 yatosha. Kwa hiyo muda tunaoulalamikia ndio uliokwisha kufupishwa.

Kwa nini basi dawa isimalize kazi kwa mwezi mmoja? Fikirini moto wa kuni. Jioni mama hufukia makaa kwa majivu. Ukitazama, hakuna moto. Asubuhi akifukua na kupuliza, moto huo! Vijidudu hivi ndivyo vilivyo. Vile vinavyozaana upesi hufa mapema, na mgonjwa hupata nafuu. Kikohozi hupungua, chakula hurudi, na nguo zilizokuwa zikimpwaya humtosha. Lakini vingine vimelala kama makaa chini ya majivu. Dawa huviua polepole, kimoja kimoja, vinapoamka.

Tena wamo vijidudu wachache ambao kwa asili yao dawa fulani haiwadhuru. Ndiyo maana hupewa dawa nyingi pamoja, ili anayeiponyoka moja akamatwe na nyingine. Mgonjwa akiacha leo, akaanza kesho kutwa, akaacha tena, wale dhaifu hufa na wale wagumu hubaki na kuzaana. Mwisho mapafu yote huwa na vijidudu wagumu watupu, na dawa ya kwanza huwa kama maji.

Basi siku ya hatari ni ipi? Si siku ya homa. Siku ya homa kila mtu hukumbuka dawa. Siku ya hatari ni ile unayoamka ukajiona mzima.

Nitawaambia habari ya nyumbani kwetu. Baba yangu mdogo ni fundi seremala. Mwaka 2012 alipatwa na kifua kikuu, akaanza dawa vizuri kabisa. Mwezi wa tatu alikuwa ameshanenepa, anaranda mbao na kuimba. Akapata kazi ya kwenda kununua mbao safari ya majuma 2. Mimi nilikuwa nimerudi kutoka chuo kikuu na stashahada yangu, msomi wa kwanza katika ukoo. Nilimwona akifunga mzigo wake. Niliona pakiti ya dawa imebaki juu ya kabati. Nikanyamaza. Nilijiambia, mimi ni mtoto, nimfundishe nini baba yangu? Aliporudi hakuianza tena, akasema mwili umekwisha kupona.

Kikohozi kilirudi mwaka uliofuata, na safari hii vijidudu walikuwa wale wagumu. Alitibiwa miezi 20. Miezi ya kwanza alichomwa sindano, na sindano hizo zilimpunguzia kusikia. Leo ukimwamkia huna budi kusimama mbele yake auone mdomo wako. Siku hizi mambo ni afadhali, maana tangu mwaka 2022 Shirika la Afya Duniani limependekeza kwa wagonjwa wengi wa namna hiyo dawa za vidonge tu, kwa miezi 6. Lakini hata hizo ni dawa nzito, na masikio ya baba mdogo hayarudi.

Watu husema, alikosa moyo mgumu. Mimi sikubali. Mtu aliyeweza kuranda mninga tangu alfajiri mpaka jioni ana moyo mgumu wa kutosha. Alichokosa ni utaratibu. Aliitegemea hamu yake ya kupona, na hamu hiyo iliondoka pamoja na kikohozi. Kujitawala ni kuipangia dawa mahali na saa yake, hata siku ambayo huna hamu nayo.

Katika zile miezi 20 alifanya hivyo. Alichukua kipande cha ubao, akakitundika karakana, na kila alipomeza dawa alipiga mstari mmoja kwa penseli yake ya useremala. Mistari 6 wima, wa saba unaikata. Hilo ni juma. Hajasoma sana, lakini ubao ule ulikuwa daftari lake. Dawa aliiweka kando ya chombo cha maji ya kunawia uso, maana hakuna asubuhi asiyonawa. Akisafiri, pakiti ilikaa katika mfuko wa fedha, wala si katika mzigo wa nguo. Katika ubao huo kuna nafasi moja iliyoachwa wazi. Ni siku ya msiba wa dada yake. Hakupiga mstari wa uongo. Kesho yake alikwenda zahanati akasema, jana sikunywa. Hakuongeza vidonge ili kufidia, na alifanya vema, kwani kumeza maradufu ni hatari. Ukisahau, mwulize mganga wako.

Nisidhani kwamba kila anayeacha dawa ni msahaulifu. Wengine huacha kwa sababu tumbo huchafuka. Wengine huona mkojo umekuwa mwekundu kama chai ya rangi wakaogopa. Rangi hiyo hutokana na dawa iitwayo rifampisini, wala si damu. Lakini ukiona macho yamekuwa ya manjano, au unatapika sana, usingoje siku ya kadi, nenda hospitali siku hiyo hiyo. Na pombe uiache muda huo wote, kwa sababu dawa na pombe zote mbili hulielemea ini.

Kujitawala si kukaa peke yako pia. Tanzania mgonjwa huruhusiwa kuchagua mtu wa nyumbani awe msimamizi wa dawa zake, anayemwona akimeza. Wako wanaume wanaoona haya kusimamiwa na mke au na mtoto. Nao wadogo huona haya kumwuliza mkubwa. Mama yangu mdogo alipata njia nzuri. Hakumwuliza mumewe, je, umekunywa dawa? Alimletea kikombe cha maji kila alfajiri, akasema, "Baba, maji yako haya." Basi. Laiti ningalileta kikombe kile mwaka 2012.

Sasa shikeni kalamu zenu. Juma moja lina siku 7. Miezi 6 ya dawa huhesabiwa kuwa majuma 24. Zidisheni 24 kwa 7. Jibu ndilo hesabu ya asubuhi ambazo mgonjwa huamka na kumeza. Angalieni pia ni ngapi kati ya hizo huja baada ya mwezi wa pili, wakati watu wengi wanajiona wazima. Huo wa pili huishia siku ya 56.

Baada ya hesabu, kila mmoja aandike sentensi moja inayoanza hivi: "Kila asubuhi, kabla ya jambo lingine, mimi hu..." Amalizie kwa jambo ambalo kwa kweli halimpiti hata siku moja, kama kunawa, kuwasha moto, au kufungulia kuku. Hapo ndipo pa kuweka dawa, siku atakapokuwa nayo. Mwalimu, yule ambaye bado hajaweza kuandika sentensi na achore mistari 7 kama ya fundi wetu, wa saba ukiikata ile sita.