Je, Wajua? Taa ya boga, jiwe la volkano na watoto wa Ndosho

Je, wajua kuwa taa za kwanza za Halloween hazikuwa maboga? Huko Ireland na Scotland watu walichonga tanipu, mzizi mgumu unaoshinda kisu, wakatia kaa la moto ndani. Boga asili yake ni Amerika. Wahamiaji wa Ireland walipohamia Marekani katika karne ya 19 walilikuta ni kubwa na rahisi kuchonga, tanipu ikasahaulika.

Kwetu Ndosho, mtaa wa Goma mashariki ya Kongo, boga ni chakula kwanza. Ukitaka kulichonga na watoto, kisu shika wewe, wao wape vijiko wakwangue. Nyama yake iende chunguni pamoja na maharagwe, mbegu zianikwe juani kisha zikaangwe. Kulitupa zima jalalani kwa ajili ya usiku mmoja ni hasara nisiyoweza kuitetea.

Lakini pambo tunalo miguuni: jiwe la volkano. Mlima Nyiragongo, volkano yetu, ulilipuka Januari 10, 1977, ukarudia Januari 17, 2002 na Mei 22, 2021. Mwaka 2002 lava ilipita katikati ya Goma, ikafunika sehemu ya uwanja wa ndege, ikamwagikia Ziwa Kivu. Watu walirudi, wakavunja mawe yaleyale kwa nyundo, wakayapanga kuwa kuta za nyua zao. Litazame jiwe moja kwa karibu: ni jeusi, limejaa vitundu vilivyoachwa na gesi iliyotoroka lava ikipoa. Chomeka kikonyo cha ua katika kimojawapo, kitasimama bila chombo. Mpe mtoto chaki achore macho na meno juu ya weusi ule, sura itaonekana hata kutoka barabarani, na mvua ikinyesha kesho yake atachora nyingine. Angalizo moja: jiwe lililovunjwa karibuni lina makali kama chupa, basi chagueni yaliyokwisha kulainika kwa kukanyagwa.

Mshumaa je? Hapa nasema bila kusitasita: usiwashwe ndani ya pambo la mtoto. Nyumba nyingi za mtaani ni za mbao, zimebanana, na moto wa moja ni moto wa jirani. Tumia tochi ndogo.

Tena, je, wajua kuwa mwali wa moto hufa ndani ya mazuku? Hiyo ni hewa ya kaboni dioksidi inayopanda kutoka ardhini, hasa magharibi ya Goma kuelekea Sake. Ni nzito kuliko hewa ya kawaida, kwa hiyo hutuama mabondeni na mashimoni, zaidi usiku na alfajiri wakati upepo umetulia. Haionekani. Mbuzi na mbwa hufa humo, na mtoto mdogo yumo hatarini zaidi kuliko mtu mzima kwa sababu pua yake iko karibu na ardhi. Michezo ya kujificha gizani isifanyike kamwe kwenye mashimo ya mawe.

Halloween huhusishwa na wafu, na kuwakumbuka wafu pamoja na watoto si jambo geni kwetu. Agosti 1 ni sikukuu ya wazazi nchini Kongo, walio hai na waliokufa. Asubuhi familia huenda makaburini kung'oa majani, kufagia na kuweka maua. Baadaye wazazi walio hai husherehekewa nyumbani. Mtoto hulijua kaburi la babu yake mchana kweupe, akiwa na kazi mkononi, na naona hilo linamjenga kuliko kinyago cha kutisha.

Oktoba 31, siku ya Halloween, si sikukuu ya taifa hapa. Hata hivyo jina Halloween limetokana na mkesha wa Watakatifu Wote, sikukuu ambayo Papa Gregori III aliihusisha na Novemba 1 katika karne ya 8. Familia ya Kikatoliki ya Ndosho inayokwenda misa siku hiyo, kisha ikawaombea marehemu Novemba 2, imo katika msimu uleule, na maua yaliyochomekwa kwenye mawe ya ua yanaweza kubaki hadi siku zote mbili zipite.