Pesa Yako Iko Kwenye Tairi, Si Kwenye Fremu

Tangu Kigali iandae mashindano ya dunia ya baiskeli za barabarani Septemba 2025, ya kwanza kufanyika katika ardhi ya Afrika, maswali ya baiskeli za mbio hayakauki. Watu walimwona Tadej Pogačar akiwatoka wenzake na kumaliza peke yake kilomita 267.5 za milima ya Rwanda, na sasa wanataka kukanyaga wenyewe. Msomaji mmoja wa Arusha ana akiba isiyofika shilingi milioni moja. Fundi amemwonyesha baiskeli mbili za mtumba: moja ya kaboni, kilo 8, yenye tairi nyembamba ambazo haziwezi kuongezwa unene; nyingine ya alumini, kilo 10, inayopokea tairi ya milimita 28. Achukue ipi?

Achukue ya alumini.

Mambo ya gia ngapi na breki za namna gani nayaruka. Fundi mzuri atakumalizia kwa dakika tano. Kipimo cha fremu nacho ni hivyo hivyo: panda, kanyaga mtaa mzima, na kama magoti, mgongo na viganja havinung'uniki, inakufaa.

Uzito ndio unaowapumbaza wengi. Tuseme wewe una kilo 70. Juu ya alumini jumla ni kilo 80, juu ya kaboni 78. Tofauti ni asilimia 2.5, na utaiona mlimani tu: kwenye mlima wa dakika 20 utaokoa kama nusu dakika. Kwenye tambarare, ukishashika mwendo, kilo hizo mbili karibu hazina habari. Huko mpinzani ni upepo, na sehemu kubwa ya upepo huo inaupiga mwili wako, si fremu.

Tairi je? Hapa naomba tukae kitako.

Gurudumu linapozunguka, kipande cha tairi kinachofika chini hubonyea, kisha huinuka na kurudia umbo lake. Kubonyea kunachukua nguvu ya miguu yako. Kuinuka kunairudisha, lakini hairudi yote. Wazee wetu walipopima nafaka walikuwa na kibaba cha tele, kilichojazwa mpaka kikafanya kilele, na kibaba cha mfuto, kilichofutwa juu kikawa sawa na ukingo. Basi mpira ni mkopaji anayeazima kibaba cha tele akarudisha cha mfuto. Hakuibii waziwazi, kibaba ni kile kile, na ukikitazama kwa haraka utasema deni limelipwa. Kilele tu ndicho kilichobaki kwake, na hana ghala la kukiweka: kinageuka joto ndani ya mpira na nyuzi zake, kinapotea hewani. Kisha anarudi kuazima tena. Gurudumu la baiskeli ya mbio lina mzingo wa kama mita 2.1, kwa hiyo katika kilomita moja kila kipande cha tairi kinakuja mlangoni kwako karibu mara 480.

Wanafizikia huliita jambo hili haisteresisi, neno linalokwama kooni. Mimi naliita mfuto: tairi hii ina mfuto mkubwa, ile ina mfuto mdogo. Nililipima pia neno upotevu, nikaliacha, kwa sababu hata mnyororo mkavu una upotevu. Mfuto unaeleza kwamba kuna kilichotoka na kuna kilichorudi pungufu, na huo ndio moyo wa jambo.

Na mfuto unahesabika. Tairi nzuri ya mbio kwenye lami laini hukuvuta nyuma kwa nguvu ya takriban 0.005 ya uzito wote. Tairi ngumu ya bei ya chini hufika 0.008. Kwa kilo 80 na mwendo wa kilomita 25 kwa saa, ya kwanza inakula wati 27, ya pili wati 44. Anayeanza hukanyaga kwa wati mia na kidogo, na hizo 17 za tofauti anazitoa muda wote akiwa kwenye mwendo huo.

Mfuto hupungua kwa njia mbili. Ya kwanza ni kuta laini. Shika tairi isiyo na upepo, bana ubavu wake kwa kidole gumba na cha shahada. Ile yenye nyuzi nyembamba na mpira mwepesi hujikunja bila kubisha. Ile ya bei ya chini hukusukuma vidole. Kile kinachovisukuma vidole ndicho kitakachoisukuma miguu.

Ya pili ni upana, na hili huwashangaza watu. Kwa upepo ule ule, tairi nyembamba na nene hugusa ardhi kwa eneo karibu sawa, ila alama ya nyembamba ni ndefu na ya nene ni fupi na pana. Alama ndefu inaulazimu ubavu kubonyea kwa kina zaidi, na mfuto unaongezeka. Tena, kwenye lami yenye kokoto zilizochomoza, tairi nyembamba iliyojazwa kama jiwe haimezi kokoto, bali inakurusha wewe mzima, na nyama za mwili wako zinakuwa mkopaji wa pili.

Haya si mageni. John Boyd Dunlop alitengeneza tairi yake ya upepo mwaka 1888, na mwaka uliofuata Willie Hume akaingia nayo mashindanoni Belfast, kati ya watu waliopanda mpira mgumu mwembamba. Alishinda. Hata hivyo kwa miaka mingi wanambio waling'ang'ania milimita 23 na chini ya hapo, hadi walipopanda 25, kisha 28, na leo wapo wanaofika 30.

Kwa hiyo, msomaji wangu wa Arusha, ukifika kwa fundi, pima nafasi kati ya tairi na uma wa mbele, na kati ya tairi na breki. Bakisha milimita 4 kila upande. Kaboni iliyotumika inaweza kuficha ufa, hiyo ni sababu nyingine ya kuchukua alumini. Pesa inayobaki nunua tairi mbili laini za milimita 28, mpya, maana za mtumba hupasuka ubavuni. Kama una kilo 70, anza na upepo wa PSI 70 nyuma na 65 mbele, na kwenye lami mbovu punguza 5.