Mkongwe Huagwa na Mpinzani Wake

Anayetaka kuelewa kwa nini watu wazima hulia wanapomuaga mwanamieleka, na aje Kisesa mwezi wa Juni. Mavuno yameshaingia ghalani, sikukuu ya Ekaristi imefika, na pale Kisesa, eneo la Bujora, Wasukuma wanacheza Bulabo, tamasha lao la ngoma. Kwa desturi ya mashindano yao, ngoma mbili hupigwa kwa wakati mmoja: Bagika upande huu, Bagalu upande ule. Watazamaji ndio waamuzi, na hukumu wanaitoa kwa miguu. Kundi linalopwaya huachwa peke yake, watu wakahamia kwa wenzao, na lenye umati mkubwa ndilo lililoshinda. Ndiyo maana wachezaji wa bugobogobo hurusha majembe hewani na kuyadaka bila kupoteza mdundo, na ndiyo maana wengine huingia uwanjani na chatu hai mabegani. Anayecheza anawatazama watu wa mwisho kabisa, wale waliosimama nyuma, maana hao ndio wa kwanza kuondoka.

Masimulizi ya Kisukuma yanaurudisha upinzani huu katikati ya karne ya 19, kwa mafundi wawili wa ngoma na dawa, Ngika na Gumha. Walishindana nani mkali zaidi, kila mmoja akapata wafuasi, na wafuasi wakawa vyama hivyo viwili, Bagika na Bagalu. Dawa ya mvuto, ile wanayoiita samba, ilikuwa sehemu ya mashindano sawasawa na nyimbo na mazoezi. Padri David Clement, Mkanada aliyefanya kazi Bujora kuanzia miaka ya 1950, hakuyafukuza mashindano hayo. Aliyakaribisha kando ya kanisa, na makumbusho aliyoyaanzisha yana jengo la vyama vya ngoma ambamo pande zote mbili zimepewa nafasi. Aliuenzi upinzani, si upande mmoja. Naliona hilo kuwa jambo la busara kubwa, kwa sababu Bagika bila Bagalu ni watu wanaofanya mazoezi tu.

Hayo nilikuwa nayo kichwani nilipotazama pambano la mieleka la Oktoba 12, 2025, mjini Lowell, Massachusetts, Marekani. Bubba Ray na D-Von, wale tuliowajua kama Dudley Boyz na baadaye Team 3D, walikuwa wanapanda ulingoni pamoja kwa mara ya mwisho. Bubba alikuwa na miaka 54, D-Von 53, na D-Von alishapata kiharusi mwaka 2020. Mbele yao walisimama Matt na Jeff Hardy, ndugu wa tumbo moja kutoka North Carolina, wapinzani wao wa robo karne.

Kwa waliokulia kwenye vibanda umiza, majina hayo hayahitaji utambulisho. Katika hadithi yao Dudley ni ndugu wa baba mmoja, mmoja mweupe na mwingine mweusi, wenye miwani minene na nguo za rangi za jeshi. Udugu wa damu hawana, lakini sikumbuki mtazamaji aliyejali. Katikati ya pambano Bubba alikuwa anasimama ghafla, anamgeukia nduguye na kumwamuru kwa sauti ya kutikisa ukumbi akalete meza. Umati mzima ulikuwa unaitamka amri hiyo pamoja naye. Meza ni ya kawaida, ya mbao nyepesi yenye miguu ya kukunja, kama zile za kukodi kwenye sherehe. D-Von anaivuta kutoka chini ya ulingo, anaikunjua miguu, anaipigapiga kwa kiganja kuhakikisha imesimama. Sekunde hizo za fundi anayekagua kifaa chake zilikuwa tamu kuliko hata kishindo chenyewe.

Aprili 2, 2000, mjini Anaheim, Dudley, Hardy na jozi ya tatu, Edge na Christian, walipambana kwa ngazi kwenye WrestleMania. Agosti mwaka huohuo wakaongeza meza na viti, na Aprili 1, 2001 wakarudia mjini Houston. Mapambano yote matatu walishinda Edge na Christian. Muulize shabiki yeyote wa wakati ule, atakwambia habari za Jeff Hardy akiruka kutoka juu ya ngazi, au meza zilivyopasuka, na huenda asikumbuke nani aliondoka na mikanda ya ubingwa. Waliopoteza walipata jina sawa na walioshinda.

Mwaka 2002 kampuni inayoandaa WrestleMania iliwatenganisha Bubba na D-Von, kila mmoja akapelekwa kipindi chake, D-Von akavalishwa joho la mchungaji. Kabla mwaka haujaisha wakarudishwa pamoja. Mieleka ya jozi ina kitu ambacho mtu mmoja hawezi kukibeba. Mmoja anapigwa chini dakika nyingi, anatambaa kuelekea kona yake, na mwenzake kule ameshika kamba kwa mkono mmoja, mwingine ameunyoosha mpaka vidole vinatetemeka. Anavutwa mguu, anarudishwa katikati, anaanza upya kutambaa. Viganja vinapogusana, ukumbi unalipuka.

Najua litakalosemwa: matokeo ya mieleka hii yamepangwa. Ndiyo, yamepangwa. Kisichopangika ni mtazamaji. Hakuna mkataba unaoweza kumlazimisha asimame na kupiga kelele, kama ambavyo Bujora hakuna wa kumfunga kamba asihamie ngoma ya pili. Wanamieleka wa Kinshasa wanalijua hilo vizuri: kina Edingwe wanajitangaza kwa hirizi na uganga, kwa sababu kazi yao ya kwanza ni kuwavuta watu. Ni samba kwa jina lingine.

Pale Lowell walishinda Hardy. Ndiyo desturi ya zamani ya kazi hiyo: anayeondoka hukubali kulala chini, ili anayebaki apate cha kuendelea nacho. Na mimi naona haikuwezekana kuwaaga Dudley kwa namna nyingine. Wangepewa vijana wa jana wenye misuli, tungeona wazee wawili wakipigwa. Walipopewa Hardy, kila pigo lilikuwa na miaka 25 nyuma yake, na walioujua uzito wake walikuwa wale wanne na sisi tuliowafuata.

Huku kwetu mkongwe wa ngoma huondoka vipi? Kiongozi wa kundi aliyevuta watu miaka thelathini, aliyetunga nyimbo zinazoimbwa mashambani, anaanza kwa kuchelewa mazoezini, kisha goti linamsumbua, kisha msimu mmoja watu wanauliza yuko wapi. Tunamwimbia msibani, na yeye hasikii. Wapinzani wake, wanaoujua ufundi wake kuliko majirani zake, hawajapata nafasi ya kumwambia lolote.

Ombi langu kwa wanaoandaa Bulabo na kwa viongozi wa vyama vyote viwili ni hili. Tengeni alasiri moja ya Juni kwa anayestaafu. Tangazeni jina lake mapema, kutoka Magu hadi Mwanza mjini. Muwekeni uwanjani na mpinzani wake wa siku zote, mzee kwa mzee, Mgika kwa Mgalu, ngoma mbili kwa wakati mmoja kama ilivyo desturi, na waacheni watu wachague. Kisha yule mpinzani, awe ameshinda au ameshindwa, apewe yeye kipaza sauti kwanza.