Kisima cha Addington na habari isiyofika kwa daktari

Vuli ya 1937, madaktari wa Croydon, manispaa iliyo kusini mwa London, walianza kuitwa kwenye nyumba za watu wenye homa isiyoshuka. Homa yenyewe haikuwa ya ghafla. Ilipanda taratibu, leo juu kidogo ya jana, mgonjwa akilalamika kichwa na tumbo, hata baada ya wiki hawezi tena kuinuka kitandani. Ilikuwa homa ya matumbo, ile tunayoiita pia taifodi, na kwa Uingereza ya miaka hiyo ulikuwa ugonjwa uliokwisha pungua sana. Mji ulikuwa na maji ya bomba, vyoo vya kuvuta, na wakazi zaidi ya 230,000 waliofungua koki bila kujiuliza maji yametoka wapi.

Sheria ilimtaka daktari yeyote anayegundua ugonjwa huo amwandikie mganga mkuu wa manispaa. Ofisi hiyo inastahili kuelezwa, maana ndiyo iliyobeba afya ya miji ya Kiingereza kwa zaidi ya miaka 100. Ilianzia Liverpool mwaka 1847, alipoteuliwa Dkt. William Henry Duncan. Aliyeishika hakuajiriwa kuandika dawa na kushona majeraha. Mgonjwa wake alikuwa mji mzima: maji, maziwa, nyama buchani, vyoo, nyumba zenye unyevu, chanjo za watoto. Chini yake walikuwapo wakaguzi wa usafi, watu ambao kwetu Tanzania tungewaita mabwana afya, wakizunguka mitaani na daftari. Kila mwaka mganga mkuu aliandika ripoti kwa madiwani, na nyingi zimehifadhiwa hadi leo. Napenda kuzisoma. Ukurasa mmoja unakupa vifo vya watoto wachanga, unaofuata idadi ya sampuli za maziwa zilizopimwa, kisha panya, kisha nyumba zilizoamriwa kubomolewa. Mji unaonekana umevuliwa nguo za sikukuu.

Barua za madaktari wa Croydon zilipoanza kurundikana, kazi ikawa ya upelelezi. Homa ya matumbo huingia kwa mdomo. Kwa hiyo lazima kuna kitu wagonjwa hawa wamekula au kunywa, wao na si majirani zao wa mitaa mingine. Unamuuliza kila mgonjwa ananunua maziwa ya nani, alikula nini, wapi, lini. Ugumu ni kwamba unauliza habari za wiki mbili nyuma, kwa sababu tangu vimelea viingie mwilini hadi homa ianze hupita wiki moja hadi tatu. Nani anakumbuka alichokunywa Jumanne ya wiki juzi? Ndipo ramani inapomsaidia mpelelezi kuliko kumbukumbu za watu. Makazi ya wagonjwa yalipowekwa kwenye ramani, yaliangukia zaidi upande mmoja wa mji, na upande huo ulipata maji yake kutoka kisima cha Addington, kilichohudumia karibu moja ya tano ya eneo la manispaa. Mwanzoni mwa Novemba kisima kikafungwa.

Kilikuwa kisima kirefu kilichochimbwa kwenye mwamba wa chokaa, chenye vichuguu vya pembeni vya kukusanyia maji. Maji ya mwamba wa namna hiyo hutoka maangavu, baridi, matamu kunywa, na uangavu huo huwadanganya watu. Wiki chache kabla ya homa kuanza, mafundi walikuwa wakishuka humo kufanya matengenezo. Uchunguzi ulioamriwa na Waziri wa Afya, ukaongozwa na wakili H. L. Murphy, ulikuta mambo matatu yamekutana. La kwanza ni hayo matengenezo yenyewe. La pili, mmoja wa mafundi alikuwa amebeba vimelea vya homa ya matumbo bila yeye mwenyewe kujua. La tatu, katika siku hizo hizo mtambo wa kuchuja na ule wa kutia klorini yote miwili haikuwa ikifanya kazi, huku maji yakiendelea kupelekwa majumbani.

Kuhusu huyo fundi nataka niseme wazi: hakuwa na kosa. Katika kila watu 100 wanaopona homa ya matumbo, wachache, kama wawili hadi watano, hubaki na vimelea vilivyojificha, mara nyingi kwenye mfuko wa nyongo. Mtu wa namna hiyo anakula, anafanya kazi, analala vizuri, hana dalili hata moja. Lakini choo chake hutoa vimelea kwa mwezi, kwa mwaka, pengine maisha yake yote. Hawezi kujijua mpaka apimwe. Kumshusha kisimani bila kumpima lilikuwa kosa la waliomtuma.

Kubwa zaidi ni klorini. Wengi hudhani klorini hutiwa ili kusafisha maji machafu, kwa hiyo yakiwa maangavu haihitajiki. Sivyo. Klorini ni mlinzi wa zamu. Huua vimelea vilivyopo, kisha kiasi kidogo hubaki ndani ya maji na kusafiri nayo bombani, kikingojea kitakachoingia. Kukipima ni kazi ya dakika chache. Unachota maji ya koki kwenye kichupa cha kioo, unadondosha kidonge cha kipimo, unatikisa, unasubiri. Maji yakigeuka waridi, mlinzi yupo. Unalinganisha ile rangi na kadi kujua kiasi, na unatamani kisipungue miligramu 0.2 kwa lita. Yakibaki meupe, hakuna mlinzi. Nimefanya kipimo hicho mara nyingi, na kila maji yanapobaki meupe moyo hunidunda, hata kama anayeniangalia haoni chochote ila maji safi kwenye kichupa. Maji ya Addington katika zile siku za matengenezo yalikuwa hivyo: safi machoni, hayana mlinzi.

Waliojua kwamba mafundi wako kisimani walikuwa watu wa idara ya uhandisi. Mganga mkuu, Dkt. Oscar Holden, hakuwa ameambiwa. Idara zote mbili zilikuwa za halmashauri moja. Ripoti ya uchunguzi ililitaja jambo hilo: kutoelewana na kukosa mawasiliano kati ya maofisa waliohusika. Kwangu hapa ndipo penye uzito wote wa kisa hiki. Manispaa ilikuwa na kisima, mtambo wa klorini, daktari msomi, wahandisi wenye uzoefu, sheria. Kilichopungua ni mtu wa kupanda ngazi na kusema, "Daktari, tunashusha watu Addington wiki ijayo, na klorini itasimama." Angeambiwa, maswali ya daktari yangekuwa mawili tu: ni akina nani wanashuka, na kwa nini maji yasielekezwe kwingine hadi mmalize.

Wagonjwa walifika 341. Waliokufa ni 43, karibu mmoja kwa kila 8. Dawa ya kuua vimelea hivyo haikuwapo; kloramfenikoli ilianza kutumiwa kwa homa ya matumbo mwaka 1948. Muuguzi alikuwa na maji ya kumpangusa mgonjwa, uji mwepesi na kukesha.

Wakazi hawakukubali jambo lizikwe. Waliunda kamati, wakadai majibu hadharani, na uchunguzi ukafanyika mbele ya umma. Mwaka 1938 binti mmoja aliyeugua, pamoja na baba yake, waliishtaki manispaa na wakashinda: binti kwa uzembe uliomsababishia ugonjwa, baba kwa kuwa alikuwa mlipa kodi ambaye sheria ilimpa haki ya kupelekewa maji safi nyumbani. Mwaka 1939 Wizara ya Afya ikatoa mwongozo kwa wasimamizi wote wa maji nchini, na Vita vya Pili vya Dunia vilipoanza, kutia klorini kukaenea karibu kila mahali.

Hospitali za manispaa zilihamia kwenye huduma ya taifa ya afya mwaka 1948, lakini mganga mkuu alibaki na mji wake hadi Aprili 1974, cheo kilipofutwa. Siku hiyo hiyo maji nayo yaliondolewa mikononi mwa halmashauri, yakapewa mamlaka za kanda. Daktari na mhandisi, ambao kule Croydon walishindwa kuambiana wakiwa watumishi wa halmashauri moja, sasa hata mwajiri hawakuwa naye mmoja. Lakini sharti lililoachwa na Addington lilihama pamoja na mabomba: anayetaka kufanya kazi kwenye maji ya kunywa huulizwa kwanza kama amewahi kuugua homa ya matumbo.