Doa la Jua Lisomwe kwa Kidole

Msimu wa kupalilia pamba ukifika Ngulyati, watu huingia shambani alfajiri na wengi hukutwa na jua la utosi jembe likiwa bado mkononi. Kata hii ya Bariadi haifiki nyuzi 3 kusini mwa ikweta, na shamba la pamba halina kivuli. Kwa mkulima mwenye ualbino, saa hizo hubaki mwilini. Usoni, shingoni na nyuma ya viganja hutokea madoadoa ya kahawia, mengine madogo kama ufuta, mengine yenye kingo zilizotawanyika kama wino uliodondokea karatasi.

Je, hiyo ni saratani? Hapana. Katika aina ya ualbino iliyoenea zaidi Tanzania, ngozi bado hutengeneza rangi kidogo, ndiyo maana nywele huwa za manjano badala ya nyeupe pe. Jua likiichokoza ngozi hiyo, rangi hujikusanya mahali pamoja na kuwa doa. Lakini doa si kinga, kwa kuwa ngozi iliyobaki kati ya doa na doa haina ulinzi wowote. Linaonyesha tu kwamba hapo jua limepiga sana.

Alama nyingine zina tabia zake. Mbalanga huondoa rangi na kuacha baka jeupe. Baka lililopauka na lisilohisi mguso linaweza kuwa ukoma, nao unatibika. Chunjua huota juu ya ngozi. Vinundu vidogo vyeusi vinavyojaa mashavuni mwa wazee wetu havina madhara.

Sasa pitisha kidole. Doa la jua ni bapa, na ukifumba macho hutajua lilipo. Ukihisi gamba linalokwaruza kama ulimi wa ng'ombe, ngozi imeanza kuharibika, na gamba la namna hiyo huweza kugeuka saratani lisipotibiwa. Ukiona uvimbe unaokua, doa linalobadilika umbo, au kidonda kinachotoa damu na kisichopona kwa wiki 4, usingoje mavuno. Nenda kituo cha afya, uombe rufaa ikibidi hadi Hospitali ya Bugando, Mwanza.

Wenye ngozi nyeusi nao wakague nyayo na kucha. Bob Marley aligundulika na saratani ya ngozi chini ya ukucha wa kidole gumba cha mguu mwaka 1977, akafariki 1981.

Kinga yenyewe haina makuu: kofia pana, mikono mirefu, kulima asubuhi na jioni. Mafuta ya kuzuia jua, kama KiliSun yaliyobuniwa katika hospitali ya KCMC, Moshi, yapakwe upya kila baada ya saa 2. Mzazi mwenye mtoto mwenye ualbino, mkague mgongo na masikio kila mwezi, mahali ambapo mwenyewe haoni.